Ukishaambiwa unayo ngoma (VVU), unatulia au ndo unajiachia? Mwaka wa 9 huu tangu mistari miwili

#1 (mleta mada)

Wakuu habari za saa hizi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu hatutagombana.

Juzi nilikuwa kijiweni mtu akaanzisha ile hoja ambayo nishaisikia mara mia, kwamba mtu akishapima akakuta anayo ndo anakuwa wa hatari kuliko mwanzo, anaanza kuigawa kama njugu, "siendi peke yangu" na maneno kama hayo. Kijiwe kizima kikaitikia. Mimi nikamaliza maji yangu nikaaga, maana pale hakuna anayejua kwamba mimi ninayo, mwaka wa 9 huu. Humu hamnijui sura, acha niseme.

Siku ya majibu nilikuwa nimemsindikiza rafiki yangu. Yeye ndo alikuwa na wasiwasi, hajalala siku tatu, mimi nikapima ili asijisikie vibaya tu. Chumba kidogo, mtoa nasaha kaweka kipimo juu ya karatasi nyeupe kakiandika namba kwa kalamu, tunasubiri dakika 15. Mstari wa kwanza ukaja chap. Wa pili ukaja taratibu, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, mwanzo unadhani macho yako, halafu ukakolea. Rafiki yangu akakuta hana. Simu mfukoni inatetemeka, ni mpenzi wangu wa wakati ule anauliza jioni naenda kwake au siendi. Mtoa nasaha anaongea, naona mdomo unacheza, neno lililoingia ni moja tu, kondomu. Nikatoka nikanunua pakiti tatu.

Wiki tano sikumgusa mtu. Visingizio vyote nilivimaliza, kazi, mgongo, tumbo, mpaka yeye akaanza kuuliza kama nina mwingine. Wiki ya sita akaja mwenyewe bila kupiga simu. Sasa sikilizeni hapa maana ndo penyewe. Zile pakiti zilikuwa kwenye droo chini ya chaja, ni kunyoosha mkono tu. Lakini sisi kondomu tulishaachana nazo zaidi ya mwaka, na kumwambia mtu mliyezoeana peku kwamba leo tuvae, kichwani kwake kuna maana mbili tu, ama nimechepuka ama naumwa. Zote mbili zinadai maelezo na mimi maelezo sikuwa nayo, hata mwenyewe nilikuwa sijajiambia kwa sauti. Tukalala peku. Nia mbaya sikuwa nayo hata chembe, na hilo halinisafishi, nawaeleza tu ilivyokuwa: droo sikuifungua kwa sababu ya sentensi moja.

Nilimwambia siku ya nne. Zile dawa za kinga ya dharura, PEP, zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72 na unameza siku 28, kwa hiyo nilichelewa kwa siku moja. Siku moja wakuu. Akapima hana, akarudia baada ya miezi mitatu hana. Tukaachana, na alisema wazi kwamba ngoma angeweza kuivumilia, zile siku nne ndo hakuziweza.

Baadaye nikaanza kusoma, huu ugonjwa unakufanya msomi kwa lazima. Na nilichokuta ni kwamba kijiwe kimekosea, ila hata mabango ya "pima ujue afya yako ubadilike" nayo yamerahisisha mno.

Mwaka 2005 Marekani walikusanya tafiti kadhaa wakalinganisha wanaojua kwamba wanayo na wanaoishi nayo bila kujua. Ngono bila kinga kwa wanaojua ilikuwa chini kwa asilimia 53. Wakiwatoa wale ambao wapenzi wao tayari wanayo, yaani wakabaki na ile ngono inayoweza kumuambukiza mtu mpya, tofauti ikafika asilimia 68. Kwa hiyo mtu akijua, kwa wastani anatulia. Hakuna ugawaji wa njugu hapo.

Kuna na utafiti uliofanyika kati ya 1995 na 1998 Nairobi, Dar es Salaam na Port of Spain kule Trinidad, majibu yakachapishwa 2000. Kundi moja likapewa ushauri nasaha na kupimwa, lingine likapewa elimu ya afya tu. Ngono bila kinga na mtu ambaye sio mwenza wa kudumu ikapungua asilimia 35 kwa wanaume waliopimwa, na 13 kwa wale wa elimu tu. Wanawake ni 39 kwa 17. Hapo utasema safi, kazi imeisha.

Lakini 2008 likatoka chapisho la Malawi vijijini. Watu walipewa majibu, baada ya muda wakafuatwa nyumbani wakauziwa kondomu kwa bei ya chee. Waliojua kuwa wanayo na wana wapenzi walikuwa tayari kununua mara tatu zaidi ya wenzao wasioyajua majibu. Mara tatu inasikika kubwa, ila ukihesabu kondomu zenyewe waliwazidi wenzao kwa kama mbili tu. Mbili! Na mimi mwenye pakiti tatu kwenye droo nawaambia hata kununua sio kuvaa.

Kilichonikamata zaidi ni cha 2015. Mchumi mmoja alichukua takwimu zile zile za Nairobi na Dar akauliza swali ambalo wengine hawakuuliza: huyu mtu alikuwa anategemea nini kabla ya kupima? Na hakuwauliza watu kwa mdomo wanalalaje maana kwenye hilo kila mtu ni malaika, aliangalia nani baadaye kakutwa na magonjwa ya zinaa, kisonono au klamidia. Akakuta waliojiona salama halafu wakaambiwa wanayo, magonjwa hayo yaliongezeka kwao, maana yake walijiachia zaidi. Na waliokuwa na hakika wanayo halafu wakaambiwa hawana, yakapungua, wakaanza kujitunza. Aliyekutana na jibu alilokuwa analitegemea hakubadilika sana. Mimi niliingia kile chumba nikiwa msindikizaji jamani. Niliposoma hiyo nilikaa kimya muda mrefu.

Cha mwisho ni cha zamani, 1992, Kigali. Walichukua wenza ambao mmoja anayo na mwingine hana wakawapima na kuwapa majibu wote wawili wakijuana. Kabla ya hapo waliokuwa wanatumia kondomu ni asilimia 4, mwaka mmoja baadaye 57. Kutoka 4 mpaka 57, kondomu zile zile, virusi vile vile. Tofauti ni kwamba pale ile sentensi ilishasemwa na mtu mwingine mbele ya wote wawili, hakuna aliyebaki nayo kitandani peke yake.

Hoja yangu ndo hiyo. Jibu analolijua mmoja linabadilisha kichwa cha huyo mmoja, kitandani mpo wawili. Nataka kusikia wengine ilikuwaje kwao, hata mnaobisha.

#2

Mkuu pole ila mimi nabisha. Hizo asilimia watu wameulizwa na mtu ameshika daftari, nani atakubali kwamba anaua? Nina jamaa yangu kabisa, damu, alipopewa majibu alitamka mbele yangu kwamba sifi peke yangu. Na hizi dawa za ARV ndo zimeharibu kabisa, mtu ananawiri, ananenepa, anaendelea kama kawaida. Zamani ulikuwa unamuona mtu kakonda unajihami.

#3 (mleta mada)

Mkuu #2 hilo la daftari uko sahihi, ndo maana nikaleta ile ya kisonono, bakteria hawajui kudanganya.

Jamaa yako simkatai. Wapo. Na nchi nyingi zina sheria ya mtu anayeambukiza makusudi. Ila niulize, hayo maneno aliyatamka siku ya ngapi? Mimi siku ya tatu nilisema nitajitupa chini ya gari, na hapa naandika uzi. Mtu siku za mwanzo anaropoka, ukitaka kujua alichofanya angalia mwezi wa sita baada ya majibu.

Halafu la kukonda ndo linaloniogopesha kuliko yote. Unajihami na aliyekonda, ambaye anajulikana na pengine yuko kwenye dawa, halafu unalala peku na aliyenawiri ambaye hajawahi kupima maishani. Marekani 2006 walikadiria kwamba robo ya wenye virusi walikuwa hawajui, na hao robo ndo walihusika na zaidi ya nusu ya maambukizi mapya ya ngono. Mimi mwenyewe kabla ya ile siku sijui nilikuwa robo hiyo kwa muda gani, na nilikuwa nimenawiri kweli kweli.

La ARV kuharibu watu, 2004 walipitia tafiti nyingi wakakuta kuwa kwenye dawa hakumfanyi mtu ajiachie zaidi ya asiyekuwa kwenye dawa. Waliolegeza ni wale walioamini kwamba siku hizi sio ishu tena, na hao walikuwepo wenye virusi na wasio na virusi. Kwa hiyo kidonge hakina kosa, imani ndo ina mambo yake.

#4

Kaka mleta mada umesema kondomu inadai maelezo. Sasa wewe ni mwanaume, uliogopa kuulizwa swali. Ngoja nikuambie upande wetu.

Mimi niliambiwa kliniki ya wajawazito, mimba ya miezi minne. Nimeenda na daftari langu kuandikisha, nimerudi na siri. Mume wangu hakuwepo, hakuwahi kuja kliniki hata siku moja. Nikaanzishiwa dawa siku ile ile. Kwenye mkoba ile chupa inapiga kelele kama kayamba, kila hatua chaka chaka, nikaingia chooni nikavihamishia vidonge kwenye kitambaa nikafunga fundo, chupa nikaitupa. Miezi saba nimeishi na lile fundo. Nilikuwa nameza chooni bila maji.

Na miezi yote hiyo tulilala bila kinga. Ndiyo. Mwanamke aliyeolewa anaanzia wapi kuomba kondomu tena akiwa mjamzito? Kisingizio cha mimba hakipo, tayari ipo tumboni. Ningesema tu angeuliza nani kakupa, maana aliyepima kwanza ndo anaonekana kaileta. Nilikuwa naona kabisa nyumba inaondoka, mtoto anaondoka. Wanaoandika takwimu wataniweka kwenye "tabia hatarishi" mimi. Tabia gani? Nilikuwa nalala na mume wangu.

Kilichoniokoa ni nesi mmoja. Aliniambia mlete, usimwambie kitu, sema kliniki wanataka wazazi wote wapimwe. Akaja amenuna. Tukakaa kama wageni wote wawili, nikatolewa damu upya kama sijawahi. Nesi akasoma majibu mbele yetu: mama anayo, baba hana. Nilijua ananigeukia. Akakaa, akauliza swali moja tu, "na mtoto?" Nesi akasema tunamkinga. Akasema basi sawa. Leo mtoto ana miaka 6, hana, baba yake hana, na chupa iko juu ya kabati na kizibo chake.

#5

Nimewahi kufanya kazi ya unasihi kwa miaka mingi, niongezee kidogo nyama.

Kwanza dada #4 pole na hongera, na kwa faida ya wengine: alichofanya nesi wako kinafanyika sana, mteja kurudia kupima na mwenza wake kama ndo mara ya kwanza. Mteja mwenyewe akiridhia tu, bila ridhaa yake hatufungui mdomo.

Pili, mleta mada kasema kwamba hakusikia kitu baada ya jibu. Hakuna anayesikia. Tunapewa orodha ndefu ya kumwambia mtu siku ile ile, kondomu, lishe, pombe, wenza, dawa, na mtu kashaondoka kiakili tangu neno la kwanza. Mimi niliishia kuwaambia vitu vitatu tu: hufi leo, dawa zinaanza sasa hivi, na leo jioni usilale na mtu, lala tu. Mengine wiki ijayo. Wenzangu walisema navunja utaratibu. Sawa, ila wateja wangu walikuwa wanarudi.

Tatu, na hapa ndo nataka mnisikilize. Hizo tafiti za zamani zinahesabu "ngono bila kondomu" kama ndo hatari yenyewe. Ilikuwa kweli wakati huo, sasa hivi hesabu imebadilika. 2008 madaktari wa Uswisi walitoa tamko kwamba mwenye virusi aliye kwenye dawa na virusi havionekani kwenye kipimo haambukizi kwa ngono, wakashambuliwa dunia nzima. 2011 utafiti wa HPTN 052 wa jozi 1,763 za wenza, mmoja anayo mwingine hana, ukaonesha kuanza dawa mapema kunapunguza kuambukiza kwa asilimia 96. Halafu utafiti wa PARTNER, awamu ya pili iliyotoka 2019 ilifuata jozi karibu 800 za wenza wa kiume, wakahesabu matendo kama 76,000 bila kondomu, waliopata virusi kutoka kwa mwenza ambaye dawa zimefubaza virusi vyake mpaka havionekani ni sifuri. Sio wachache, ni sifuri.

Kwa hiyo ukiniuliza huyu mtu ni hatari au sio hatari, siku hizi siulizi kwanza kama anavaa. Nauliza anameza? Kipimo cha wingi wa virusi cha mwisho kilisemaje? Dada #4 kwa macho ya zamani alikuwa hatarishi miezi saba, na ni kweli miezi ya mwanzo hatari ilikuwepo, lakini lile fundo la kitambaa ndo lilikuwa linamkinga mume wake bila yeye kujua. Angeacha kumeza kwa kuogopa kelele za chupa, hapo ndo tungezungumza mengine. Nimewaona wengi walioacha kwa hiyo kelele, mzaha mzaha. Wengine tunawawekea pamba ndani ya chupa.

Masharti yapo lakini, msije mkasema #5 kasema tulale peku. Umeze kila siku, upimwe uambiwe virusi havionekani, na uendelee hivyo, sio ulipimwa miaka mitatu iliyopita. Na haikukingi na kaswende, kisonono wala mimba.

#6

Daktari #5 swali. Mleta mada kasema walikuwa peku zaidi ya mwaka na yule dada hakupata. Inawezekanaje? Au kuna watu wana damu ngumu?

#5

Mimi sio daktari mkuu, mnasihi. Inawezekana na ni kawaida kuliko mnavyodhani. Kwa mwanamke kupata kwa mwanaume asiye kwenye dawa, kwa njia ya kawaida, wastani wanaokadiria ni kama mara 8 katika matendo 10,000. Ila huo ni wastani, usiufanye bima. Wiki za mwanzo za maambukizi virusi vinakuwa vingi kupita kiasi na mtu hajui lolote, vipimo vingi vinaweza kuwa bado havioni, hapo wastani hauna kazi. Kukiwa na vidonda au ugonjwa mwingine wa zinaa inapanda. Njia ya nyuma kwa anayeingiliwa ni zaidi ya mara 10 ya hiyo. Wapo walioipata siku moja, wapo waliokaa miaka hawakupata.

Damu ngumu ndo kauli niliyoichukia kuliko zote kazini. Mtu anapima hana, anatoka anatembea kifua mbele.

#7

Hapo kwenye kifua mbele umenigusa aisee, huyo ni mimi. Nilifanya ujinga nikiwa mbali na nyumbani, nikaahidi Mungu kila kitu, nikapima sina, nikarudia sina. Unajua nilifanya nini na lile jibu? Nililitumia kama leseni. Kila niliyekutana naye namwambia mimi nimepima juzi niko safi, na yeye anaamini, tunaacha kondomu. Juzi yenyewe ilifika miezi kumi na moja. Mleta mada wewe umezungumzia wanaokuta wanayo, sisi tunaokuta hatuna nani anatuchunguza?

#3 (mleta mada)

Mmechunguzwa mkuu. 1999 walikusanya tafiti 27 za kupima na ushauri. Waliokutwa nayo walipunguza, wenza waliotofautiana majibu walipunguza, waliokutwa hawana hawakubadilika kuliko wale ambao hawakupima kabisa. Yaani wewe na aliyebaki nyumbani mko sawa. Na hapo ndo kuna kichekesho, kampeni zote zinamsema mwenye jibu baya wakati jibu zuri ndo linazeeka mfukoni. Kama maisha yako ndo hayo muulize #5 kuhusu PrEP, vidonge vya kinga kwa asiye nayo, mtu anameza kabla sio baada.

#2

Nimesoma yote. Bado simwamini yule ndugu yangu ila nimekumbuka kitu. Alisema vile, kisha akakaa ndani miezi mingi hatoki, alikuwa anakunywa tu. Hakumuambukiza mtu ninayemjua. Nilikuwa namkimbia mimi, sio yeye alinikimbia. Basi tuendelee.

#8

Samahani naingilia. Nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi. Mimi nimejua jana usiku. Mistari miwili. Nina mtu tunakaribia kuoana, hajui, anakuja kesho jioni. Nilikuwa nimepanga niseme naumwa tumbo nimzuie asije. Nimesoma ya droo nimelia. Nianzie wapi?

#3 (mleta mada)

Pole sana. Upo salama hapa. Hebu niambie kwanza, mara ya mwisho mmekuwa pamoja bila kinga lini? Kama ni ndani ya siku tatu ujue saa zinahesabika kwa upande wake, ndo kosa langu mimi. Na tumbo usiseme. Mimi nilianza na mgongo nikaishia kushutumiwa nina mwingine, uongo mmoja unazaa mpaka unakosa pa kurudi.

#8

Wiki tatu zimepita, alisafiri. Kwa hiyo hizo za saa 72 hazipo tena.

#4

Dada au kaka sijui, mwambie mkapime kabla ya ndoa, wote wawili siku moja. Watu wanaooana wanapima, hakuna atakayeshangaa. Usibebe peke yako kama mimi.

#5

Ushauri wa #4 ni mzuri, hata mtoa huduma anaweza kukusaidia kusema ukishindwa. Kama unaona atakudhuru tuambie, hapo njia ni nyingine. Ila kabla ya yote, jana usiku ulipimia wapi? Nani kakupima?

#8

Nyumbani. Kile cha mate cha kujipima mwenyewe. Nilisoma maelekezo mara mbili.

#5

Basi nisikilize. Hicho kinakuambia nenda kapime, sio jibu la mwisho, hata kiwe na mistari iliyokolea vipi. Inaweza ikathibitika na inaweza isithibitike, mimi sikupi matumaini wala sikunyimi. Kesho asubuhi nenda kituo chochote wanachopima, waambie umejipima imeonesha mistari miwili, wana utaratibu wa kuhakiki kwa vipimo vingine. Ikithibitika, dawa unaweza kuanza siku hiyo hiyo. Jioni akija utakuwa unajua unachozungumzia.

#3 (mleta mada)

Nenda mapema kabla foleni haijawa ndefu. Na usiende peke yako kichwani, tuandikie hata herufi moja ukiwa pale, mimi niko macho.

#8

Saa mbili kasoro. Niko nje getini, kuna watu wanne mbele yangu. Nimemtumia meseji kwamba leo jioni nataka tuongee, akauliza kuhusu nini, nikaandika kuhusu sisi. Ameitikia sawa. Wameanza kuita namba.